Kisu Kilichonipeleka kwa Balozi

Haya, chekeni tu, maana nisiposimulia mimi atasimulia mke wangu, na yeye kwa kutia chumvi hana mwenzake. Ndiyo, ni mimi niliyemshitaki mkwe wangu kwa balozi wa nyumba kumi kwa sababu ya kisu. Na ndiyo, siku hiyo hiyo nilitumbukia kwenye shimo la taka mbele ya watu wote. Aibu ile ninayo mpaka leo, basi acheni niieleze mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, huku kwetu Masoko tuna shamba la pamoja na duka la pamoja linakaribia kufunguliwa, na mwanangu Lusajo yuko Mbeya kwenye ujenzi wa reli, anasaidia jikoni kwa mafundi wa Kichina. Mimi kijijini kazi yangu inajulikana: akichinjwa ng'ombe wa shughuli, mgawaji wa nyama ni mimi. Msidhani ni kazi ya mchezo. Mpe mzee mmoja ubavu, mwenzake umpe shingo, uone kama mtasalimiana tena mwaka huo. Kisu changu cha zamani kilikuwa kimelika kwa kunolewa mpaka kimebaki chembamba kama unyasi, basi Lusajo akanitafutia kingine, akabadilishana na redio yake, redio nzima! Kisu kizito, kinang'aa unajiona meno, kimelala kwenye boksi lenye kitambaa chekundu, na juu yake karatasi ya maandishi ya Kichina yenye kapicha kadogo: mkono, kisu, na kitu fulani cha pembe nne. Nikakitazama kile kitu, nikasema, aa, sabuni hii, wanataka kioshwe kwa sabuni.

Aliyekileta ni mkwe wangu Atupele, mke wa Lusajo, alipotoka kumtembelea mumewe. (Ninyi mliokulia mjini niwaeleze: kwetu Wanyakyusa, baba na mke wa mwanawe hawatazamani usoni. Nikikaribia jikoni nakohoa ili ajifiche, tukikaribia kukutana njiani yeye anaingia migombani, na neno lake kwangu linapita kwa mke wangu, na langu kwake vivyo hivyo.) Kwa hiyo boksi nalo lilipita kwa mke wangu, naye akaanza kusema, "Baba Lusajo, Atupele anasema ameagizwa na mumewe kwamba kisu hiki, kabla ya..."

Nikamkata hapo hapo. "Kabla ya nini? Nimeshika visu kabla Lusajo hajazaliwa, leo nifundishwe kisu na watoto?"

Nikakifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo nikauvaa shingoni. Kila Jumapili tukitoka kanisani nakitoa, nakiosha kwa sabuni kama picha inavyosema, nakifuta, nakirudisha. Kukatia kitu, hapana, kinangoja siku ya kufungua duka, wageni watakapotoka Tukuyu. Kilabuni nilishakisifu mpaka watu wakinywa wanahama kiti wakiniona.

Basi Ijumaa, zimebaki siku mbili, nyumbani niko peke yangu, nikasema ngoja nikionjeshe kidogo. Nikachukua ndizi mbichi, nikaweka kisu. Ganda likabonyea. Nikakandamiza, ndizi ikapondeka, haikukatika, ikapondeka! Nikapitisha kidole gumba, nikaona kama napapasa mgongo wa kijiko. Moyo ukanipasuka. Kisu cha redio nzima hakiwezi kuja butu, kwa hiyo kuna mtu amekitumia mpaka kikaisha makali, na mtu huyo yumo humu humu ndani.

Mkishaanza kushuku, jamani, kila kitu kinakuwa ushahidi. Jumatano nilikwenda kuoga mtoni, ufunguo nikauacha kwenye msumari. Jikoni Atupele na mke wangu huwa wanacheka, nikikohoa kicheko kinakatika: wanacheka nini? Nikazunguka nyuma ya nyumba ya Atupele, nikakuta mkungu umekatwa, mkato laini umenyooka kama wa fundi seremala, na kisu chake yeye nakijua, kile cha mpini uliofungwa kamba. Nikajisemea, umeonekana, binti! Halafu likanijia jingine baya zaidi: labda kile chenyewe kilibadilishwa stendi ya Tukuyu, hiki ni bandia. Nikakinusa kitambaa chekundu. (Nilikuwa natafuta harufu gani, hata sijui.)

Mke wangu aliporudi nikamtuma akamhoji. Akaenda, akarudi. "Anasema hajakigusa tangu akukabidhi. Tena anakumbusha, yale maneno ya Lusajo..."

"Sitaki ya Lusajo! Nimeuliza habari ya kisu!"

Jumamosi asubuhi nikabeba boksi langu kwapani mpaka uani kwa balozi. Tulitakiwa watu wa nyumba kumi, wakaja wa nyumba hamsini, maana mzee kumshitaki mkwe wake si jambo la kukosa. Nikasimama, nikasema nataka arudishwe kwao Kisondela mpaka mumewe aje kujibu. Waliokuwa wamekaa wakasimama. Walijua, na mimi nilijua, mke wa mtu akirudishwa kwao kwa neno la wizi, jina lile halimtoki tena, na Atupele alikuwa na mimba ya mjukuu wangu wa kwanza. Nilijua, nikasema hivyo hivyo. Hasira gani ile, sijui.

Kwa kuwa mimi nilikuwepo, Atupele hakuweza kukaa barazani, akasimama nyuma ya migomba ya balozi, na balozi ikabidi apaze sauti kama anayeita ng'ombe.

"Atupele! Umekitumia kisu cha baba mkwe?"

"Sikukitumia," sauti ikatoka kwenye majani.

"Aeleze ule mkungu!" nikadakia.

"Niliukata kwa kisu changu cha kamba. Mimi nakinoa."

Watu wakaguna. Sasa siku ile alikuwepo Fundi Shomari wa Tukuyu, aliyekuja na gurudumu lake kunoa mapanga ya kijiji kwa ajili ya sherehe. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye amezaliwa hapa hapa na Kinyakyusa anakisema kuliko watoto wetu. Balozi akampa kisu. Shomari akafunga jicho moja, akapitisha ukucha, akakigeuza, akacheka kidogo puani.

"Mzee wangu, hiki hakijaharibiwa na mtu. Hiki hakijawahi kutiwa makali tangu kitoke kiwandani. Vingine huja hivi, mwenyewe ndiye anayekinoa apendavyo."

"Na wewe umepewa nini useme hivyo?" nikamwuliza, tena kwa ukali.

"Nimepewa uji, mzee wangu. Umepoa." Watu wakaangua kicheko. "Hakikuja na karatasi?"

Karatasi ilikuwa humo humo kwenye boksi, nimeileta mwenyewe kama ushahidi. Shomari akaikunjua, akaiinua juu watu waone. "Ndugu zangu, mkono huu umeshika kisu, unakisugua kwenye nini?"

"Jiwe la kunolea!" uwanja mzima, mpaka bibi mmoja asiyeona vizuri.

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema, "Si sabuni?"

"Kumbe ni wewe!" mke wangu akaruka. "Sabuni yangu ya kufulia inaisha kila Jumapili, namshuku panya! Haya sikia sasa, maneno ya Lusajo nimekaa nayo mdomoni mwezi mzima: kabla ya kukitumia, kinolewe!"

Weee! Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikaona giza, nikasema hapa pa kukimbilia ni migombani tu, nikaingia mbio, nimesahau kabisa nani yumo. Tukagongana macho, mimi na Atupele, uso kwa uso. Kijiji kizima kilikuwa kinacheka, yeye peke yake alikuwa analia, na kifurushi chake cha nguo kiko miguuni, amekwisha kukifunga. Akajifunika khanga, mimi nikarudi nyumanyuma, mguu ukakosa ardhi, nikaingia mzima mzima kwenye shimo la maganda ya balozi.

Nikiwa humo humo, maganda mpaka kiunoni, nikapaza sauti, "Mama Lusajo! Mwambie binti yangu nimemkosea. Mwambie asiende popote!"

Mke wangu hakupiga hata hatua. "Amesikia," akasema.

Wazee wakasema tumeshatazamana usoni, lazima nitoe kitu cha kuondoa aibu ile. Nikatoa kisu. Shomari alikinoa jioni ile ile, na Jumapili nyama ya wageni niliigawa kwa kisu cha kuazima kwa mkwe wangu, kinapita kwenye nyama bila kelele.

Tangu siku ile, mke wangu akianza kusema "Atupele anasema", mimi natafuta kiti, nakaa, nangoja mpaka neno la mwisho. Na kila penye shughuli namtuma akaniazimie kisu. Kinakuja kimenolewa, kimefungwa kwenye kile kitambaa chekundu, na juu yake ile karatasi, picha imetazama juu. Hajawahi kuisahau hata mara moja. Nami nakohoa kwanza, halafu nasema ndaga, ndiyo asante yetu, kwa sauti, asikie huko jikoni aliko.