Msichana Aliyetuuliza Bombani

Juzi, shuleni hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wanafunzi waliwaeleza wageni kutoka Lilongwe walichogundua kuhusu foleni ya maji. Kijana mmoja aliisoma kazi ya kikundi kwa Kiingereza kizuri. Mgeni akauliza, "Mbona akina mama hufika alfajiri, na bomba hufunguliwa saa mbili?"

Kijana akampa msichana wa kikundi chake karatasi. "Mi nilisoma tu, mwalimu. Yeye njo aliuliza bamama."

"Wewe kaa," mwalimu akamwambia msichana. "Kiingereza chako kitatuaibisha."

Akakaa. Mimi, niliyekuwa nimekaa nyuma na akina mama wenzangu wa foleni, nikachemka. Siku alipokuja bombani kutuuliza, alinipokea mtoto kwanza, ndipo akaniuliza. Nilimweleza kwamba ndoo isiyosimamiwa na mwenyewe husogezwa nyuma ya foleni.

Wageni wameondoka bila jibu hilo, lakini Kiingereza chetu kimebaki safi.