Kiko cha Baba Mkwe

Fundi cherehani aliacha sigara wiki nzima, akafua nguo bila sabuni, ili kulungu wasimnuse. Bado alirudi kutoka mawindoni mikono mitupu. Baba mkwe wake, mwindaji asiyebandua kiko mdomoni, hakukosa kitoweo hata siku moja.

Asubuhi moja wakafuatana. Mzee akavuta kiko, akautazama moshi ukielekea kichakani, akahama. Akahama tena na tena, mpaka moshi ukampiga yeye mwenyewe usoni. Hapo akakizima, akaketi kimya. Kulungu alipojitokeza, bunduki ililia mara moja tu.

"Kumbe tumbaku haiwafukuzi, baba!" fundi alisema, mdomo wazi.

"Upepo ukiwapelekea moshi, watakimbia. Lakini wewe sigara umeiacha, mwanangu. Harufu ya mtu je, utamwachia nani?"