Vijiti kwa Vijiti

Hapa Hiroshima, mpika chapati za kabichi tunamwita Shangazi, na kwa miaka kumi na moja ninayokula kwake sijamsikia akimbembeleza mteja. Mikono yake imejaa alama za kuungua. Kabla ya kugeuza chapati hugonga bamba la moto kwa mwiko wake wa chuma, mara mbili, huku akimchokoza mtu. "Babu, hizo tambi unakula au unasuka?" Familia zinazotalii huingia na mabegi, zimetoka Kyoto na Osaka, zinataka kuonja kila kitu, naye huwakatia vipande bila kuuliza wako wangapi. Kosa moja tu halisamehe: mtu kumpokeza mwenzake chakula kwa vijiti vya kulia, naye akakipokea kwa vijiti vyake. "Sahani ipo! Vijiti kwa vijiti watu hupokezana mifupa ya maiti akishachomwa, na hapa hajafa mtu!" Sisi wa kila siku hucheka.

Jumapili aliingia baba na binti yake mdogo. Binti akamnyooshea baba kipande, baba bila kufikiri akakipokea kwa vijiti vyake, na Shangazi akafoka vilevile. Tukacheka.

"Mama amekufa," binti akasema. "Mwezi uliopita tulimpokezana hivihivi, mimi na baba. Safari hii aliipanga yeye."

"Kozue, basi," baba akanong'ona. "Tusamehe, Shangazi."

Shangazi akagonga bamba mara mbili, ingawa hapakuwa na chapati ya kugeuza. Kisha akachukua vijiti vyake, akavinyoosha juu ya moto.

"Nipe na mimi, mwanangu."

Binti akamnyooshea kipande kingine, naye akakipokea kwa vijiti vyake, mkono wa pili ukikikinga chini kisidondoke.