Maziko Yaliyofunikwa na Sare

Juzi kwenye duka la kuchapisha nyaraka, Usagara, mama mmoja aliyekaa karibu yangu alinipa simu yake.

“Mwanangu, hebu nitazamie humu, shangazi yangu anazikwa saa ngapi?”

Lilikuwa kundi la ukoo. Nikapitia ubishi mrefu wa sare za harusi, matusi mawili na maombi ya radhi, ndipo nikaupata ujumbe: maziko baada ya adhuhuri. Na alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa.

Nilipomwambia, akavuta ushungi usoni.

“Nitoe humo,” akasema. “Atakayenihitaji aje apige hodi.”

Nikamtoa. Mimi mwenyewe nimo katika makundi kumi na moja. Nilipofika nyumbani niliyasoma yote, nikiogopa huenda kuna aliyekufa.