Kazi Aliyoachiwa Tarishi

Fundi miwani alikuwa mtu wa vipimo. Kioo kikizidi nusu ya unywele alikirudisha kwenye jiwe, na mteja aliyenung'unika kwamba anacheleweshwa aliambiwa akatafute macho mengine. Kwa miaka mitatu alikuwa amekata mguu nyumbani kwa kaka yake. Mama yao alifariki alfajiri moja, katika zamu ya kaka ya kumwangalia, na kaka alikuwa amepitiwa na usingizi. Kulipokucha fundi alimwambia mbele ya watu kwamba aliyelala ndiye aliyeua, akaapa kutokanyaga tena kizingiti chake. Kiapo alikitimiza. Kaka alipougua, alituma salamu. Alipozidiwa, alituma salamu na matunda. Wako wanaodhani salamu za kutumwa ni sawa na kufika. Si sawa, na anayelijua hilo kuliko wote ni mgonjwa.

Maziko ya kaka alihudhuria, akasimama nyuma, akaondokea hapo hapo makaburini. Wiki iliyofuata shemeji yake alimpelekea mbwa wa marehemu kwa mkono wa jirani, na ujumbe mfupi: yeye hamwezi tena, amchukue. Alikuwa dume wa rangi ya udongo, sikio moja limelala, jina lake Tarishi.

Mama mwenye nyumba alimpokea mbwa huyo shingo upande. Geti la ua likilia tu, Tarishi alichomoka hadi barabarani, na mara mbili nusura agongwe na gari. Fundi akapewa miezi miwili: alete karatasi ya mwalimu kwamba mbwa amefundishika, au amwondoe. Hakuwa na kitu kingine cha kaka yake, hata picha. Akamwandikisha kwenye mafunzo ya wepesi, Jumamosi nane mfululizo, kila alasiri, katika uwanja wa shule. Huko mbwa walifundishwa kuruka viunzi, kupenya bomba la turubai, kuvuka ubao unaobembea na kujipinda kati ya nguzo, huku mwenye mbwa akikimbia kando na kumwelekeza kwa mkono.

Tarishi alikuwa hodari kwa dakika nzima, pengine na nusu. Kisha geti la shule likalia. Hapo aliuacha ubao ungali unabembea, akakimbia mpaka getini, akaketi. Alimnusa viatu aliyeingia, akamtazama usoni, halafu akageuka na kurudi polepole, kichwa chini. Wala hakurudi kwa fundi. Alimwendea yeyote aliyekuwa ameketi kwenye kiti, akamwekea kidevu mapajani na kungoja. Akisukumwa, alikwenda kwa mwingine.

Wenzao walipata cha kuchekea. Kinyozi mmoja, ambaye kijibwa chake kilikuwa na manyoya mengi kuliko wateja wake wote, alisema, "Fundi, mkatie miwani huyo. Anakutafuta getini na wewe umesimama hapa."

Fundi alicheka na wenzake.

Mwalimu alikuwa mama mstaafu wa kikosi cha mbwa wa polisi, mchache wa maneno. Jumamosi ya saba alimwita fundi kando.

"Mbwa asiyetulia hukimbilia kila kitu," alisema. "Huyu anakwenda mahali pamoja, anaangalia kitu kimoja, anarudi kutoa ripoti. Amefunzwa, tena na mtu mwenye subira kunishinda. Siwezi kumwachisha kazi nisiyoijua. Kaulize."

Fundi alipiga simu. Shemeji alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema jambo hilo halisemwi kwenye simu, na mlango anaujua.

Alikwenda na Tarishi Alhamisi saa kumi. Shemeji alikuwa barazani akikunja nguo. Hakuinuka. Alimtaka amfungulie mbwa aingie, yeye abaki nje, na kupitia nondo za geti akamweleza. Miezi sita ya mwisho kaka yake hakuweza kutoka kitini. Kila siku saa kumi, muda ambao karakana ya miwani hufungwa, alimtuma mbwa getini. Alimfunza kwa vipande vya biskuti, wiki tatu, jambo hilo moja tu. Mbwa alikwenda, akatazama, akarudi kuweka kidevu mapajani, naye kaka akampapasa na kumwambia kwamba labda leo dukani kuna wateja wengi.

"Alikuwa anakutetea, shemeji. Hata kwa mbwa."

Fundi alisema hakujua.

"Hukuuliza."



Shemeji alimgeukia mbwa, akamwambia kwa maneno ya mumewe: "Nenda kaangalie kama mdogo wangu amekuja."

Tarishi alikimbia. Fundi akafungua geti, akaingia. Mbwa aliyelala chini ya kitanda chake karibu miezi miwili alimnusa viatu kama vya mgeni, akamtazama usoni kwa muda mrefu. Mara mwili mzima ukamtetemeka. Aligeuka, akampita shemeji, akakipita kile kiti kitupu, akatokomea kwenye korido hadi chumba cha mwisho, alimofia marehemu.

Walisikia kucha zake kwenye saruji, kisha kimya. Kisha mkia ukaanza kugonga mguu wa kitanda, taratibu, kama unavyogonga mkia wa mbwa anayepapaswa.

Wakati huo jirani aliingia kurudisha beseni, na geti likalia kwa nguvu. Wote wawili walitazama kwenye korido. Mbwa hakutoka. Mkia uliendelea kugonga.

Jirani alipokwisha kwenda zake, shemeji aliweka chini shuka aliyokuwa ameishika.

"Nenda basi," alisema. "Ameshaambiwa kwamba umefika."

Fundi alisimama kizingitini, mkono kwenye fremu ya mlango. Korido ile haikuzidi hatua kumi. Alizihesabu kwa macho, akazihesabu tena, na mguu haukunyanyuka.