Asubuhi Kisima Kilipokosa Kamba

Wasimamizi wa wakfu wa mtaa wetu wa Mji wa Kale walitaka kujua kama kisima cha uani bado chafaa mtu. Kikionekana hakina kazi, kitafunikwa na kujengwa ghala juu yake. Wakanichagua mimi nizunguke nikiuliza nyumba kwa nyumba, kwa sababu nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, na cheti nilikitembeza mtaani hata paka wakakijua.

Nilikubali kwa mbwembwe, lakini jambo lenyewe lilitugusa hata nyumbani. Mama yangu huishi kwa kuuza mahamri na mbaazi, na masufuria yake, ambayo ngamia angeweza kuogea ndani, huoshwa kwa maji ya kisima kile, ya chumvi lakini ya bure. Kikifunikwa, itambidi anunue maji ya mkokoteni hata ya kusugulia masizi, na biashara haitafika mbali.

Nyumba ya kwanza nilipokewa kama balozi. Bi mkubwa alinitolea maji ya chupa juu ya sinia.

"Maji ya kisima mwatumia?" nikamuuliza.

"Ya kisima?" Akajitanda leso vizuri. "La, mwanangu. Sisi hapa ni maji matamu tu."

Nyuma yake, mlangoni mwa choo, palikuwa na ndoo iliyojaa, na ndani laelea jani la mkungu. Mti wa mkungu mtaani ni mmoja tu, nao umesimama juu ya kisima.

Nikaandika: hatutumii. Kwetu mgeni hapewi maji ya chumvi, wala haambiwi kuwa yamo nyumbani. Na mimi, kwa ile karatasi na kalamu, nilikuwa nimegeuka mgeni mtaani nilikozaliwa.

Ikawa hivyo kila ngazi niliyopanda. Nilikunywa maji ya chupa mpaka nikitembea nasikika. Hatutumii. Hatutumii. Mwisho nikamuuliza mama mwenyewe.

"Andika hatutumii," akasema. "Wasije wakasema nawapikia watu kwa maji ya chumvi."

"Lakini mama, watakifunika!"

"Wengine si watasema wao wanatumia?"

Kesho yake asubuhi ilibaki kupima kina cha kisima. Niliifungua kamba kwenye kapi, nikaifunga jiwe, nikaitumbukiza. Mzee mmoja wa wasimamizi alikuwa kando yangu, akisoma karatasi yangu ya majibu.

"Basi," akasema. "Hakuna anayekihitaji."

Nilikuwa nimeivuta kamba, nainyoosha chini niipime, niliposikia sauti.

"Nani alotwaa kamba?" Alikuwa ni yule bi mkubwa, na ndoo yake. Nyuma yake wakateremka wengine, mtaa mzima na wa pili yake.

"Nimerowesha nguo za watu!"

"Wewe profesa wa jioni, rudisha kamba! Utasoma baadaye!"

Wa mwisho alikuwa mama, sufuria kichwani, masizi mpaka kwenye nyusi.

"Si mwasema hamtumii?" mzee akauliza.

Bi mkubwa akaitua ndoo.

"Twatumia," bi mkubwa akasema. "Lakini hatuyanywi. Na hilo liandikwe."

"Wala hatuyapikii," mama akadakia upesi.

Mzee alinirudishia karatasi. "Kaulize upya. Na mara hii usiketi sebuleni mwa watu. Keti hapa."

Kuhusu ghala hakusema neno. Niliirudisha kamba kwenye kapi, fundo likinikataa mara mbili tatu, na mama akawa wa kwanza kuteremsha ndoo.