Moyo Niliomvalia Mama

Dada yangu, muuguzi aliyeko Ulaya, alimtumia mama fulana ya kijivu iliyofumwa kwa nyuzi zinazopitisha umeme. Ukiivaa inasikiliza mapigo ya moyo, na simu janja iliyokuja nayo inampelekea dada taarifa zake huko aliko. Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo, na tangu tumzike baba aliishi peke yake kijijini kwetu Muleba. Mimi nilikuwa nafundisha Bukoba, nimepanga mtaa wa Hamugembe.

Mama aliipapasa muda mrefu. "Umeme kifuani, na radi za huku?"

Nikamweleza kwamba umeme wenyewe haufikii hata wa saa ya mkononi. Jirani yake, mjane kama yeye, akasema hata hivyo yeye asingeivaa kanisani, isije ikamsemea kwamba mahubiri yamemchosha. Tukacheka. Mama akaivaa.

Wiki ya pili dada akampigia. "Mama, saa tisa moyo ulikwenda mbio. Ulikuwa unafanya nini?"

Mama akakata simu. Saa tisa alikuwa kibanjani, kati ya migomba, kwenye kaburi la baba, analia.

Jumamosi nilipofika nilikuta fulana imefuliwa na kukunjwa, simu janja juu yake.

"Chukua," alisema. "Najua ananipenda. Lakini kilio changu na baba yenu si cha kupigiwa simu."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie. Ivae wewe. Una moyo mzima, atapata usingizi."

Ningekataa. Lakini nilikuwa nimechoka kuwasuluhisha yeye na dada, tena mama hakuwa mtu wa kuomba. Nikaivaa chini ya blauzi, simu janja yake mkobani, nikaingia nayo darasani. Ilinibana makwapani, baada ya mwezi nikaizoea. Dada akawa ananiandikia: "Mama anaendelea vizuri. Fulana imemsaidia." Nami namjibu, "Tumshukuru Mungu."

Asubuhi moja ya masika nilikuwa nasahihisha madaftari, jirani akapiga. "Mwanangu, njoo. Mama yako tumemkuta jikoni, ameanguka. Ametutoka."

Nilitoka kwenye mvua kutafuta bodaboda. Kabla sijaipata, simu yangu ikaita tena. Alikuwa dada.

"Moyo wa mama unakwenda mbio mno! Mwambie jirani wamkimbize hospitali!"

"Huo ni wangu," nilisema.

"Wako nini?"

"Moyo. Fulana nimeivaa mimi. Mama amefariki."

Nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake hata tulipomzika baba.

Alifika siku ya maziko. Hakunikumbatia. Watu walipopungua ndipo akaniuliza, "Tangu lini?"

"Miezi minne."

"Ningeona mapema. Ningewaambia madaktari wambadilishie dawa."

Jirani, aliyekuwa akiosha sahani karibu nasi, akasema taratibu, "Alikataa mwenyewe, mwanangu. Alitaka kulia peke yake."

"Angeniambia," dada alisema. "Ningeizima." Akafunika uso kwa kanga.

Alirudi Ulaya wiki iliyofuata. Siku hizi tunaongea kuhusu nyumba ya mama, migomba iliyoanguka, paa linalovuja. Huniuliza hali yangu, namwambia ni nzuri. Huuliza, "Kweli?" kisha anaendelea na habari za paa.